Kusoma sheria ya mirathi ya Kongo ukiwa Lubumbashi: mwongozo kamili

Wanafunzi wengi wa sheria hapa Lubumbashi huanza somo la mirathi kwa nyuma. Wanakariri aina za wosia, wanakariri mafungu, robo tatu huku na sehemu moja ya kumi na mbili kule, kisha mtihani unawaletea baba aliyefia Katuba akaacha mke, nyumba, watoto wa ndani na wa nje ya ndoa, na mpwa anayedai funguo za parseli, yaani kiwanja chenye nyumba. Hapo kila kitu kinakwenda kombo. Ukisahihisha kazi zao unakuta kujumlisha na kugawanya wanajua vizuri. Tatizo ni kwamba wameanza kugawa kabla ya kujua marehemu alikuwa na nini, na wanaodai ni nani wake mbele ya sheria.

Kwa hiyo nitakupitisha katika somo hili kwa mpangilio ambao faili ya mirathi yenyewe hufuata inapofika mezani kwa avoka (wakili): makaratasi ya watu kwanza, mali ya ndoa pili, warithi tatu, hesabu nne, na wosia baadaye kabisa. Mpangilio huu hautafanana na sura za sillabasi yako. Usijali, profesa atakayeusoma katika jibu lako ataufurahia.

Anza na maandishi sahihi

Sheria mama ni Kode ya Familia, yaani sheria namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987. Ilirekebishwa na sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Mirathi imo katika Kitabu cha Nne, kuanzia kifungu cha 755.

Hapa kuna mtego. Nakala za Kode zinazouzwa kando ya barabara na sillabasi zinazorithishwa kutoka mwaka hadi mwaka mara nyingi ni za kabla ya 2016. Njia rahisi ya kuzitambua: fungua sehemu inayohusu uwezo wa mwanamke aliyeolewa. Ukikuta bado anatakiwa kupata ruhusa ya mume ili afanye kitendo cha kisheria, basi umeshika maandishi ya zamani. Marekebisho ya 2016 yaliondoa ruhusa hiyo. Iweke nakala hiyo pembeni kwa ajili ya historia, kisha utafute ile iliyounganishwa na marekebisho. Tovuti ya Leganet ina sheria nyingi za nchi yetu bila malipo, na Jarida Rasmi ndilo la mwisho pale maandishi mawili yanapopingana.

Ongeza matini mengine matatu mezani. La kwanza ni sheria ya ardhi, namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, pamoja na mabadiliko yake ya 1980, kwa sababu mirathi nyingi za mjini ni kesi za parseli. La pili ni sheria ya muundo (loi organique) namba 13/011-B ya tarehe 11 Aprili 2013 kuhusu mahakama. La tatu ni Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, hasa kifungu cha 14 juu ya usawa wa mwanamke na mwanamume.

Kabla ya Kitabu cha Nne, soma Kitabu cha Tatu

Najua hamu iko kwenye mirathi. Lakini mirathi ya Kongo huamuliwa na maswali mawili ya familia: nani ni mke, na nani ni mtoto.

Kwa upande wa mke, jifunze tofauti kati ya ndoa iliyofungwa mbele ya afisa wa hali ya kiraia kwenye komini (manispaa), ndoa iliyofanyika katika familia kisha ikaandikishwa, na watu waliokaa pamoja miaka mingi bila karatasi yoyote. Mahari iliyolipwa mbele ya wazee wa pande zote mbili ina uzito, lakini ndoa isiyoandikishwa inamweka mjane kwenye matope siku ya kuthibitisha. Mama aliyelala kwenye godoro la kilio wiki nzima, anayeitwa mke na mtaa mzima, anaweza kufika mahakamani akaulizwa cheti asiwe nacho. Unaposoma kesi yoyote, andika pembeni: ndoa hii inathibitishwa na nini?

Kwa upande wa mtoto, neno la kushika ni afiliasyo, yaani baba kumtambua mtoto kisheria. Watoto waliozaliwa ndani ya ndoa, watoto wa nje ambao baba aliwatambua kisheria akiwa hai, na watoto aliowaasili wote wako kundi moja na wana haki sawa. Msichana na mvulana sawa, kitinda mimba na kifungua mimba sawa. Lakini mtoto wa nje ambaye baba alikuwa akimlipia masomo na kumtembelea Jumapili bila kufanya afiliasyo hayumo kwenye hesabu kwa jinsi mambo yalivyo. Nasaba yake ni kesi nyingine, yenye ushahidi wake. Wanafunzi hupoteza alama nyingi hapa, kwa kumhurumia mtoto badala ya kumtafutia karatasi.

Mali ya ndoa, mahali ambapo somo lote hugeuka

Kaa hapa muda mrefu kuliko popote pengine. Kifungu cha 487 kinatoa mifumo mitatu ya mali kati ya mume na mke. Katika mfumo wa kutenganisha mali, kila mmoja ana vyake. Katika jumuiya ya mali zilizochumwa, ambayo Kode kwa Kifaransa huiita communauté réduite aux acquêts, vile walivyovipata kwa jasho lao ndani ya ndoa ni vya wote wawili, na vile ambavyo kila mmoja alikuwa navyo kabla au alivyorithi kwao vinabaki vyake. Katika jumuiya kamili, vyote ni vya wote. Wasipochagua, sheria inawapa ule wa pili.

Maana yake kwa mirathi ni hii: kabla ya kugawa chochote, vunja kwanza mali ya ndoa. Nusu ya jumuiya ni ya mjane au mgane kwa haki yake mwenyewe. Hairithi. Ni yake tangu zamani. Kinachobaki upande wa marehemu, baada ya madeni, ndicho kinachoitwa mirathi.

Chukua mfano. Baba amefia Katuba. Ameacha mke wa ndoa iliyoandikishwa, watoto wanne (watatu wa ndoa, mmoja wa nje aliyefanyiwa afiliasyo), mama mzazi aliye hai, na ndugu wawili wa tumbo moja. Nyumba waliyonunua ndani ya ndoa ina thamani ya dola 48.000. Kuna pia kiwanja cha Ruashi alichorithi kwa baba yake, dola 12.000. Hakuna deni, na hakuna wosia.

Ndoa ikiwa chini ya mfumo wa pili, nyumba ni ya wote wawili: mjane anachukua 24.000 zake. Mirathi ni 24.000 zilizobaki pamoja na kiwanja cha 12.000, jumla 36.000.

Sasa fungua vifungu vya 758, 759 na 760. Warithi wamepangwa katika makundi manne. La kwanza ni watoto. La pili lina vikundi vitatu: mume au mke aliyebaki, baba na mama, kisha kaka na dada. La tatu ni wajomba, baba wadogo na wakubwa, mama wadogo na wakubwa, na mashangazi. La nne ni jamaa wengine ambao undugu wao umethibitishwa mahakamani. Wote hao wakikosekana, mali inakwenda kwa Leta, yaani serikali.

Kundi la kwanza linachukua robo tatu: 27.000. Watoto ni wanne, kila mmoja 6.750. Robo inayobaki, 9.000, inakwenda kwa kundi la pili, na kila kikundi kinapata sehemu moja ya kumi na mbili ya mirathi yote, yaani 3.000. Mjane 3.000, mama mzazi 3.000, ndugu wawili 1.500 kila mmoja. Kikundi kimoja au viwili vikikosekana, mgawo unabadilika. Kisome kifungu cha 760 mstari kwa mstari, usikisie.

Jumla ya mjane ni 27.000. Sasa badilisha kitu kimoja tu, mfumo wa mali. Wakiwa walichagua kutenganisha mali na nyumba ilinunuliwa na mume kwa jina lake peke yake, mirathi inakuwa 60.000 nzima: kila mtoto 11.250, kila kikundi 5.000, na mjane anaondoka na 5.000 tu. Wakiwa chini ya jumuiya kamili, mjane anachukua 30.000 kwanza, mirathi inakuwa 30.000, kila mtoto anapata 5.625, na mjane anaongeza 2.500, jumla 32.500.

Mke yuleyule, nyumba ileile, watoto walewale, na fungu lake linatoka 5.000 hadi 32.500 kwa sababu ya mstari mmoja kwenye cheti cha ndoa ambao wengi huusaini bila kuusoma. Fanya zoezi hili mwenyewe kwa tarakimu zako hadi mkono uzoee. Kisha lichokoze. Mtoto mmoja amefariki kabla ya baba akaacha wana wawili: hao wanasimama mahali pake na kugawana 6.750 yake, kila mmoja 3.375. Weka deni la benki la dola 6.000 lililochukuliwa kukarabati nyumba, uone linakula upande gani kwanza.

Usisahau haki ya matumizi. Mbali na fungu lake, mjane au mgane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba waliyoishi pamoja na kutumia vyombo vyake, hata kama umiliki umekwenda kwa watoto. Haki hiyo ina masharti na mwisho wake. Katika maisha ya kawaida hii ndiyo inayomwokoa mama na baraza la shemeji wanaokuja na lori siku ya arobaini, na ndiyo wanafunzi huisahau kwa sababu haionekani kwenye sehemu za hesabu.

Mila: usiiruke, usiiabudu

Lubumbashi ni mji wa watu waliotoka pande nyingi, na hilo linafanya somo letu kuwa tamu kuliko la miji mingine. Kwa Walamba, Wabemba na Wasanga, ukoo unafuata upande wa mama: mpwa, mtoto wa dada, ndiye aliyekuwa akimrithi mjomba. Kwa Waluba wa Katanga unafuata upande wa baba. Ndoa za mjini zimechanganya hayo yote ndani ya nyumba moja ya Kampemba au Kenya. Ndiyo maana kwenye kilio utamsikia mjomba akisema jambo moja, baba mdogo jingine, na kila mmoja anasema kweli ya kwao.

Kode ya 1987 ililenga kuweka kanuni moja kwa Wakongo wote. Je, mpwa ana nafasi gani ndani yake? Watoto wa marehemu ndio wa kwanza, kwa hiyo hawezi kuwaondoa. Lakini hayuko nje kabisa. Kama mama yake, dada wa marehemu, amekwisha kufa, mpwa anaweza kusimama mahali pa mama katika kikundi cha ndugu. Katika mfano wetu angekuwa anapigania sehemu ya 3.000 ile. Mama yake akiwa hai, hana lake. Mwanafunzi anayeandika “mpwa si mrithi” amekosea nusu, na anayeandika “kwa mila mpwa ndiye mrithi” amekosea kabisa.

Kuhusu bupyani, kumrithi mjane pamoja na vyombo vya nyumba: mjane ni mrithi, hawi sehemu ya mali. Huna haja ya kurasa tatu kulijibu swali hilo.

Wosia

Sasa ndipo tunafika hapa. Kode inatambua aina tatu. Wosia rasmi unafanywa mbele ya notari au afisa wa hali ya kiraia. Wosia wa mkono lazima uandikwe wote kwa mkono wa mwenyewe, uwe na tarehe na saini. Ukichapwa kwenye kompyuta na kusainiwa chini, si wosia wa mkono, hata kama ndugu wote wanaitambua saini. Wosia wa mdomo ni wa mtu ambaye kifo kimemkaribia, mbele ya mashahidi wasiopungua wawili waliotimiza umri, na mambo unayoweza kubeba ni machache: mazishi, malezi ya watoto, zawadi ndogo.

Jifunze mpaka wa wosia vizuri: robo tatu ya watoto imelindwa. Baba hawezi kuamka asubuhi moja akaandika kwamba nyumba yote ni ya mke mdogo au ya kanisa, akawaacha watoto mikono mitupu. Anachoweza kukichezea ni ile robo. Kuna milango ya kumtoa mtu katika mirathi, lakini ina sababu zilizotajwa: aliyehukumiwa kwa kumwua marehemu au kujaribu, aliyetoa ushahidi wa uongo dhidi yake, aliyekata undugu naye kwa makusudi, aliyemtelekeza katika ugonjwa wake wa mwisho ilhali alikuwa na wajibu, aliyeutumia udhaifu wake ili ajipatie mali, aliyeuharibu au kuugeuza wosia. Kila moja inahitaji kuthibitishwa mbele ya hakimu. Manung'uniko ya familia hayatoshi.

Likidateri, mahakama, na karatasi ya parseli

Pasipo wosia, mrithi mkubwa kwa umri ndiye likidateri, yaani anayesimamia kazi ya kugawa, isipokuwa akikataa na wengine wakachagua mwingine. Watu huchanganya likidateri na mwenye mali. Yeye anaorodhesha, analipa madeni, anagawa, anatoa hesabu. Hana ruhusa ya kuuza nyumba kimya kimya eti kwa sababu jina lake limetajwa katika procès-verbal (kumbukumbu) ya kikao cha familia.

Migogoro ya familia na mirathi ni ya tribunali ya amani, kwa mujibu wa kifungu cha 110 cha sheria ya 2013. Nenda ukasikilize. Vikao ni vya hadhara, vaa kwa heshima, zima simu, kaa nyuma na daftari. Utaona kesi nyingi haziamuliwi na nadharia: mmoja hana cheti cha kifo, mwingine cheti cha kuzaliwa kimeandikwa jina tofauti na la kitambulisho. Asubuhi moja ya hivyo inafundisha zaidi ya wikendi ya kukariri. Usiandike majina ya watu wa kesi kwenye kazi yako ya chuo, herufi za mwanzo zinatosha.

Kwa upande wa ardhi, kumbuka msingi wa 1973: udongo ni wa Leta, raia ana haki ya konsesyo, yaani kuitumia ardhi hiyo, na ushahidi wake mkamilifu ni cheti cha usajili kinachotolewa na konsevateri, msajili wa hati za ardhi. Warithi hawahamishi jina kwa makubaliano ya mdomo. Wanahitaji amri ya tribunal de grande instance, mahakama iliyo juu ya tribunali ya amani, ndipo konsevateri aandike jina jipya. Cheti kikishatolewa, baada ya miaka miwili ni vigumu mno kukibomoa. Kwa hiyo mrithi anayesema “tutashughulikia mwakani” anacheza na moto, maana mwenzake anaweza kuwa tayari ofisini. Katika komini za zamani utakuta pia familia zenye livret de logeur tu, kijitabu cha zamani cha mkaaji wa parseli. Jiulize karatasi hiyo inathibitisha nini na haithibitishi nini kabla ya kuiweka kwenye orodha ya mali kwa bei ya nyumba.

Jambo dogo lenye fedha nyingi katika mji wa migodi: mshahara na malimbikizo ambayo mwajiri alikuwa akidaiwa na marehemu huingia kwenye mirathi, lakini pensheni ya walioachwa inafuata sheria ya hifadhi ya jamii, namba 16/009, iliyotiwa saini siku ileile ya 15 Julai 2016. Usizitupe kwenye chungu kimoja.

Amana, na jirani wa ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, Zambia

Ukisoma vitabu vya mirathi vya Afrika Mashariki au Zambia utakutana na amana: mtu anamkabidhi mwingine mali aishike kwa faida ya wa tatu, na mahakama inamlazimisha kuwa mwaminifu. Hiyo ni mali ya sheria ya Kiingereza. Kode ya Familia yetu haina chombo hicho. Kazi ambazo amana hufanya kule, hapa zinafanywa kwa vipande: ulezi wa watoto wadogo, haki ya matumizi, mtekelezaji wa wosia, likidateri. Ukiombwa kulinganisha, linganisha kazi, usitafute jina linalofanana.

Na ulinganisho na Zambia si wa kitabuni tu. Familia nyingi za hapa zina ndugu au nyumba Ndola na Kitwe. Sheria ya Zambia ya 1989 ya mirathi isiyo na wosia inatoa asilimia 50 kwa watoto, 20 kwa mke au mume, 20 kwa wazazi, 10 kwa tegemezi wengine. Ndugu hawana fungu lao kama ndugu. Watoto wanapata kidogo kuliko kwetu, mjane anaonekana kupata zaidi. Lakini kabla ya kuhitimisha hivyo rudi kwenye mfano wetu: kwetu nguvu ya mjane imo katika nusu ya jumuiya, haimo katika fungu la urithi. Ukilinganisha asilimia 20 na moja ya kumi na mbili peke yake umelinganisha vitu viwili tofauti.

Jinsi ya kujibu mtihani

Soma kisa mara mbili. Mara ya kwanza kisimulie kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini, kama unavyomweleza yaya, ndugu yako mkubwa, nyumbani: nani kafa, nani kabaki, nani anataka nini. Mara ya pili chora ukoo, weka msalaba kwa waliokufa, na tarehe ya kila kifo, kwa sababu aliyekufa kabla ya marehemu na aliyekufa siku moja baada yake wana matokeo tofauti kabisa: wa kwanza huwakilishwa na watoto wake, wa pili alikwisha kurithi na sasa kuna mirathi mbili.

Kisha andika kwa Kifaransa kwa mpangilio huu: ndoa na nasaba, mfumo wa mali, kiasi cha mirathi baada ya madeni, warithi na makundi yao, wosia kama upo na kama unagusa sehemu iliyolindwa (hapa unatangulia hesabu), hesabu, mwisho mahakama na karatasi. Taja kifungu pale unapokitegemea. Tarakimu zijumlishe tena: mafungu yote yakijumlishwa yasipolingana na mirathi, kuna mrithi umemsahau au umemhesabu mara mbili. Swali likinyamaza kuhusu mfumo wa ndoa, usinyamaze nawe. Andika kwamba, kwa kuwa wanandoa hawakuonyesha chaguo, unatumia jumuiya ya mali zilizochumwa, kisha uendelee. Maprofesa wengi huacha pengo hilo makusudi.